Anzia Chooni: Mwongozo wa Kujenga Loji Ndogo Isiyoumiza Bahari wala Msitu Malindi

Kila mwaka msimu wa kaskazi ukikaribia, napigiwa simu na watu wanaotaka kujenga. Mmoja amerithi shamba la minazi Mayungu, mwingine ana kiwanja Mambrui, wa tatu amestaafu kazi Mombasa na ana ekari mbili karibu na Gede. Swali lao huwa moja: "Dada, niweke sola ngapi ili loji yangu iwe rafiki wa mazingira?" Nami huwauliza: choo umekipanga wapi?

Naendesha nyumba ya wageni ya vyumba sita, kusini mwa mji wa Malindi. Wageni wetu hufuata matumbawe, kasa, ndege wa hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, na wengine hupanda gari hadi Tsavo Mashariki kuwaona ndovu. Vyote hivyo vinaweza kuharibiwa na nyumba ya wageni iliyojengwa na watu wema kabisa ambao hawaijui ardhi yao. Mimi nilikuwa mmoja wao. Hatua hizi nazipanga kwa utaratibu ambao ningetamani nipewe siku ile naanza.

Hatua ya 1: Chimba shimo kabla ya kusaini

Kabla hujalipa hata arbuni, omba ruhusa uchimbe shimo moja la majaribio upande wa nyuma wa kiwanja, ulio mbali zaidi na bahari. Chagua siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana na kujaa sana.

Sisi tulichimbiwa na mzee wa Kigiriama aliyekuwa amechimba visima maisha yake yote. Aliondoa futi mbili za mchanga, kisha akagonga mwamba mweupe wenye matundu kama sega la nyuki. Saa tano asubuhi, chini ya shimo palikuwa pakavu. Tukaenda kuswali adhuhuri, tukala, tukapumzika. Tuliporudi saa kumi, maji yalikuwa yanamfika kwenye vifundo vya miguu, na siku nzima haikudondoka tone la mvua. Nikamwuliza kama kuna bomba la jirani limepasuka. "Hapana, mwanangu," akasema, "bahari imejaa kule, na huku chini nayo imejaa."

Alichonionyesha ndicho kitu muhimu kuliko vyote nitakavyoandika hapa. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekalia matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Mwamba huo hauchuji kama udongo wa bara. Unachomwaga ardhini leo kitatafuta njia yake hadi kwenye matumbawe yaliyo hai, au hadi kwenye kisima cha jirani. Kwa hiyo pima kina cha maji ya shimo lako wakati wa kupwa na wakati wa kujaa. Yakipanda na kushuka, basi jua kwamba kiwanja chako kina mlango wa kuingia baharini, na upange kila kitu kwa kujua hivyo.

Ukiwa hapo hapo, tembea hadi ufukweni utazame mlakasa, ule mmea unaotambaa mchangani wenye maua ya zambarau. Usiung'oe ili mgeni apate "mchanga safi". Ndio unaoshika mchanga usichukuliwe na kusi, na karibu na hapo ndipo kasa hupanda kutaga. Mimi nahesabu mita 30 kutoka alama ya maji makuu kuwa ndio uchache wa umbali wa kuweka jengo la kwanza, na ukiweza kurudi nyuma zaidi, rudi.

Karatasi zifuate hapo, si baadaye. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi wa aina hii, na inayosimamia ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mtafute mtaalamu mwenye leseni yao, na mpe vipimo vya shimo lako. Ripoti nyingi huandikwa ofisini, na yako itakuwa na kitu cha kweli ndani yake.

Hatua ya 2: Choo na maji machafu

Tenga mabomba mawili tangu msingi: moja la maji ya choo, jingine la maji ya kuogea, kufulia na kunawa mikono. Ukishamwaga zege, kuyatenga tena ni kuvunja nyumba.

Maji ya choo yaingie kwenye tangi la septiki lenye vyumba viwili au vitatu, lililopigwa lipu ndani na nje lisivuje hata kidogo. Mafundi wengi huku wamezoea kuacha chini wazi "ili linyonye lenyewe." Simama hapo hapo wakati chini linamwagwa zege. Hesabu yake ni rahisi. Kwa vyumba sita vyenye wageni 12 na wafanyakazi 4 wanaolala, una watu 16. Ukikadiria lita 150 kwa mtu kwa siku, ni lita 2,400. Tangi lishike maji ya siku mbili, na nafasi ya uchafu unaotuama chini, kwa hiyo usishuke chini ya lita 8,000.

Kinachotoka kwenye tangi bado si safi. Kina naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea. Mbolea hiyo ikifika baharini hulisha mwani, na mwani ukinenepa huyafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Matumbawe yetu hayana nguvu ya kubeba mzigo wa pili. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi na Watamu, na yamekuwa yakijikongoja kurudi tangu hapo.

Basi usiyapeleke maji hayo kwenye shimo la kunyonya. Yapeleke kwenye bustani ya matete. Chimba kitanda cha kina cha sentimita 60 hivi, kitandike karatasi nzito ya plastiki isiyopitisha maji, kijaze kokoto, kisha panda matete au mafunjo. Maji yapite chini ya kokoto bila kuonekana, maana yakisimama wazi umefuga mbu. Katika joto letu, mita mraba 2 kwa kila mtu zinatosha. Kwa watu 16 ni kitanda cha mita 4 kwa 8. Wadudu wasioonekana walio kwenye mizizi na kokoto hula uchafu, na matete hula sehemu ya mbolea. Mwisho wa kitanda weka chemba ndogo ya kuchotea, na maji yake yamwagilie migomba na minazi kwa kupita ardhini. Usimwagilie mchicha wala kitu chochote kinacholiwa kibichi.

Maji ya kuogea yanahitaji kichujio cha mchanga na kokoto tu, pamoja na mtego wa mafuta kwa yale ya jikoni. Mtego huo usafishwe kila wiki. Ukiupuuza mwezi mmoja utaujua kwa pua.

Halafu zungumza na wanaosafisha vyumba. Dawa kali za klorini zinazomwagwa chooni kila asubuhi huua wale wadudu wanaofanya kazi kwenye tangi, na tangi lililokufa ni ndoo ya kinyesi tu. Sisi tunatumia sabuni ya mche, siki na ndimu, na brashi yenye mkono mrefu. Ilituchukua muda kuelewana, kwa sababu harufu ya klorini ndiyo watu wengi wanayoiita usafi.

Hatua ya 3: Maji ya kutumia

Maji matamu ya kisima cha pwani hukaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta kwa pampu kubwa, chumvi hupanda, na haipandi kwako peke yako. Kisima cha jirani anayechota kwa ndoo huharibika nacho. Kwa hiyo tumia pampu ndogo, vuta kidogo kidogo, na uonje maji kila wiki.

Mvua ndiyo rafiki. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika ni mvua ya usiku mmoja tu, hukupa lita 2,000, na ukitoa zinazopotea bado unabaki na kama 1,600. Lakini paa liwe la mabati au vigae. Makuti hutoa maji ya rangi ya chai yenye vumbi na mavi ya popo. Ndiyo maana nashauri vyumba vya wageni viezekwe makuti kwa ubaridi, na jiko, stoo na nyumba za wafanyakazi ziezekwe mabati kwa ajili ya maji. Maji ya dakika za kwanza za kila mvua yamwagwe nje, kisha ndiyo yaingie tangini.

Hatua ya 4: Kuta, paa na vitanda

Panga madirisha kwa upepo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo upande wa mashariki ndio unaopokea pepo zote mbili. Weka na matundu makubwa upande wa magharibi ili upepo upite, usigote ukutani. Dari iwe juu. Nyumba ya namna hii haihitaji kiyoyozi, na kiyoyozi kisichowekwa ndicho umeme wa bei rahisi kuliko wote.

Kwenye miti, jihadhari. Boriti za mikoko ni nzuri na imara, lakini mikoko ya Mida ndiyo malezi ya samaki na kaa wetu, na kila mkoko au mchu ukatwao bila utaratibu ni kitalu kimefungwa. Wakulima wa huku wanapanda mvinje kwa wingi, na mvinje ulionyooka unatosha kabisa kwa pau na fito. Udhaifu wake ni mchwa na unyevu, kwa hiyo usiuzike ardhini. Uketishe juu ya kiti cha zege. Ukilazimika kutumia boriti, mdai muuzaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, usitosheke na neno lake.

Fanicha ndiyo inayonisikitisha zaidi. Watu wanaojenga loji ya kijani hununua milango ya mbambakofi na sanamu za muhugu bila kuuliza, na miti hiyo miwili ni ya kwanza kuibwa Arabuko-Sokoke. Msitu huo una kilomita mraba 420 hivi, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Mwambie seremala wako akutengenezee vitanda vya mwembe au mwarobaini. Mwembe uliozeeka ukapunguza kuzaa hutoa mbao pana zenye mistari mizuri, na mwarobaini mchwa hawaupendi. Wageni wetu huulizia vitanda vyetu mara nyingi kuliko picha za ukutani.

Hatua ya 5: Taa

Hapa nilifanya kosa ambalo sitalisahau. Tulikuwa na taa moja kubwa nyeupe nyuma ya jiko, ya kuzuia wezi, iliyomulika hadi ufukweni. Asubuhi moja niliposhuka kabla jua halijachomoza, niliona mchangani alama nyembamba nyingi, kama mishono ya cherehani, zikitoka kwenye shimo dogo chini ya mlakasa. Mishono hiyo ilitakiwa iende baharini. Ilikwenda juu, ikapita chini ya uzio, ikaja hadi jikoni kwetu. Niliokota watoto wa kasa 19 waliokufa, wengine wameshaliwa macho na kunguru. Kila mmoja alienea kwenye kiganja changu na nafasi ikabaki.

Mtoto wa kasa hutoka usiku na kufuata upande wenye mwanga zaidi. Kwa maelfu ya miaka mwanga huo ulikuwa wa bahari inayoakisi nyota na mwezi. Kasa mama hutaga mayai mia moja hivi, huyafukia na kurudi zake majini, na huchukua kama miezi miwili kuanguliwa. Taa yako ya usiku mmoja inaweza kupoteza kazi yote hiyo.

Fanya hivi. Usiku wa giza, nenda ufukweni ulale kifudifudi mchangani, macho yako yawe chini kama ya kasa, na utazame nyumba yako. Kila balbu unayoiona, naye ataiona. Ondoa zisizo na kazi. Zinazobaki zishushe ziwe chini ya kiuno, zifunike upande wa bahari, na uweke balbu za rangi ya kaharabu au nyekundu, ambazo huwasumbua kasa kidogo zaidi. Vyumba vinavyotazama bahari vipate mapazia mazito. Kwa wezi, taa inayowaka mtu akipita ina faida kuliko inayowaka usiku kucha, na mlinzi aliyezoea giza huona mbali.

Jioni ondoa vitanda vya jua ufukweni na fukia mashimo waliyochimba watoto wa wageni. Ukikuta kiota, usichimbe, usihamishe, usiweke picha yake mtandaoni ikionyesha mahali. Piga simu kwa KWS, yaani Shirika la Wanyamapori Kenya, au kwa Local Ocean Conservation pale Watamu, ambao wamekuwa wakilinda viota tangu mwaka 1997. Namba zao ziandike kwenye ukuta wa jiko, kwa maana wapishi ndio wanaoamka mapema kuliko wote. Na watoto wa kasa wakitoka mbele ya wageni wako, waache watembee wenyewe hadi majini. Usimruhusu mtu awabebe, na simu zote ziwe hazina mwanga.

Hatua ya 6: Umeme na taka

Sola sasa. Ukishafuata hatua zilizotangulia utagundua unahitaji chache: taa, feni, friji, pampu na chaji za simu. Orodhesha kila kifaa, zidisha wati zake kwa saa kinazotumika, jumlisha, ndipo uende dukani. Ukienda bila karatasi hiyo utauziwa kilichopo.

Jiko litumie gesi. Makaa yanayouzwa hapa mjini mengi yametoka kwenye vichaka vya bara, na kila gunia ni miti.

Kuhusu plastiki, mifuko ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, sahani, vikombe na mirija ya kutumia mara moja imepigwa marufuku kwenye hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Kwa hiyo mgeni anayekwenda hifadhini na chupa ya duka anakuingiza kwenye shida. Weka kichujio kizuri, jaza maji kwenye chupa za glasi vyumbani, na umpe kila mgeni chupa ya chuma ya kutembea nayo. Mabaki ya jikoni yawe mboji, ila yafunikwe vyema, la sivyo kunguru na kima watahamia kwako na jirani hatakusamehe.

Hatua ya 7: Sokoni na kwa jirani

Hesabu shilingi yako inakwenda kwa nani. Mvuvi wa Mayungu na mama anayekata kuni ukingoni mwa Sokoke ndio wanaoishi na hifadhi kila siku, na wasipopata kitu kwa mnyama aliye hai, hawana sababu ya kumwacha hai.

Nunua samaki kwa wavuvi wenyewe kupitia kikundi cha usimamizi wa fuo, BMU, na nunua walichopata. Usiwatume wakatafute ulichoandika kwenye menyu. Menyu yetu ni ubao na chaki. Kuna ambavyo hatupiki kabisa: kamba koche mwenye mayai tumboni, kaa mdogo, na pono. Najua pono ni mtamu kwa nazi, na nimekuzwa kwa pono. Lakini yeye ndiye anayekwangua mwani kwenye matumbawe kwa mdomo wake mgumu, na bahari yetu inamhitaji sasa kuliko sisi. Mpishi wetu hutumia kolekole au changu, na mchuzi haulalamiki.

Mwambie mvuvi anayekuuzia kwamba kasa akinaswa kwenye wavu kwa bahati mbaya, apige simu kwa Local Ocean pale Watamu. Tangu mwaka 1998 wapo wanaokwenda kumchukua, kumkagua na kumwachia, na mvuvi hulipwa fidia kidogo kwa usumbufu na wavu wake.

Ajiri kutoka kijiji kilicho karibu hata kama itabidi ufundishe mwaka mzima. Na usifunge njia ya wavuvi ya kushukia ufukweni. Njia hizo zilikuwepo kabla ya ukuta wako.

Hatua ya 8: Unampeleka mgeni wapi, na kwa namna gani

Bahari. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Lipa kiingilio kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, umpe mgeni risiti, na chagua nahodha kwa vitendo vyake. Nenda naye safari moja kama abiria. Akifunga chombo kwenye boya, mwajiri. Akitupa nanga juu ya matumbawe, akimwaga mkate kwa samaki, au akiinua kiti cha pweza nje ya maji ili watu wapige picha, mshukuru na utafute mwingine. Badala ya mgeni kujipaka krimu mwili mzima kabla ya kuzamia, mwazime fulana ya mikono mirefu. Jua halimuunguzi, na krimu haibaki majini.

Kuanzia Julai hadi Oktoba hivi nyangumi wenye nundu hupita hapa wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Sharti letu kwa nahodha ni mita 100, mashine isingurume, na asikate njia ya mama mwenye mtoto. Nyangumi akitaka kusogea, atasogea mwenyewe.

Mida na msitu. Hapa ndipo penye mfano mzuri kuliko mingine ninayoijua. Kwenye hori la Mida kuna daraja la kamba na mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Ada yake huingia kwenye mpango wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, unaolipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu. Nenda maji yanapojaa, kwa kuwa hapo chekeamwezi na ndege wengine wa kuhama husukumwa karibu na miguu ya daraja. Pale Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima hufuga viwavi, kisha huuza vifuko vyao kwa bustani za vipepeo Ulaya na Marekani. Majani ya kuwalisha hutoka kwenye mimea ya msituni, kwa hiyo mkulima ana sababu yake mwenyewe ya kuulinda msitu.

Ndani ya Arabuko-Sokoke usiingie bila mwongozaji wa hapo. Wanajua bundi mdogo wa Sokoke analala kichaka gani mchana, na watakuonyesha sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu na miguu myembamba, anayeruka mbele yako kama cheche na kupotea. Nenda alfajiri, watu wasiozidi sita, mavazi yasiyo meupe. Wasichezewe ndege sauti zilizorekodiwa kwenye simu ili wajitokeze, kwa sababu ndege anayejibu mgeni anaacha kiota chake. Mlipe mwongozaji ada kamili mkononi mwake, usikate asilimia.

Tsavo Mashariki. Kutoka Malindi hadi lango la Sala ni zaidi ya kilomita 100, na kampuni nyingi huuza safari ya kwenda na kurudi siku moja. Mimi nimeacha kuziuza. Dereva anayetakiwa kurudi kabla ya giza hukimbiza gari kuliko kilomita 40 kwa saa zinazoruhusiwa hifadhini, huacha barabara ili mgeni apate simba wake, na mgeni hurudi amechoka ameona vumbi. Uza usiku mbili, au usiuze.

Kabla hujampeleka mtu kwenye loji ya kule, ipigie simu uulize mambo manne. Maji yenu yanatoka wapi wakati wa kiangazi? Maji machafu yanakwenda wapi? Mnapikia nini? Wafanyakazi wenu wangapi wametoka vijiji vya jirani na hifadhi? Anayejua majibu atakujibu papo hapo na kwa furaha. Anayekutumia picha za bwawa la kuogelea, umeshamjua.

Hatua ya 9: Cheti

Ecotourism Kenya wana mpango wa kuzipa loji daraja tangu mwaka 2002: shaba, fedha na dhahabu. Cheti kinasaidia kwa wageni wanaolinganisha nyumba wakiwa mbali, lakini kiache hadi nyumba iwe imefanya kazi mwaka mmoja. Tangu siku ya kwanza uwe na daftari moja la karatasi ngumu, likae jikoni. Kila Jumatatu andika mita ya maji, mita ya umeme au chaji ya betri, mitungi ya gesi, kilo za taka na zilikokwenda, idadi ya wageni waliolala, na ulichonunua kutoka kwa nani. Mimi huongeza safu moja: kina cha maji ya lile shimo la majaribio, ambalo sikulifukia.

Mkaguzi akija, atapokewa getini na madafu, na atatazama sola juu ya paa kwa sababu ndizo zinazoonekana. Mpe daftari, kisha mchukue kwa mkono umpeleke nyuma ya jiko hadi kwenye matete. Fungua ile chemba ya mwisho, chota maji kwa glasi nyeupe, umpe aishike juani atazame.